Mwamba Ngoma na Hesabu Inayozidi Mia

Leo nataka tuanzie kwenye kikao ambacho wengi wenu mmewahi kukikalia: kikao cha kuvunja kamati.

Harusi imekwisha. Bwana na bibi harusi wamekwenda zao. Kamati iliyokutana kila Jumapili kwa miezi mitatu inakaa kwa mara ya mwisho. Mweka hazina anasoma mapato na matumizi, wenye ahadi ambazo hazijalipwa wanatajwa kwa upole, supu inaletwa, na baada ya supu ndimi zinalegea. Hapo ndipo maneno yanapoanza.

Mimi nilikaa kikao kama hicho, ilikuwa harusi ya mtoto wa baba yangu mdogo. Nilikuwa kamati ndogo ya usafiri. Mjumbe wa chakula akasema mchele ulipungua alfajiri ya siku yenyewe, na kama si yeye kuwahi sokoni, watu wangelala njaa. Mjumbe wa mapambo akasema ukumbi ulikuwa na shughuli nyingine hadi mchana, akabakiwa na saa tatu tu, na katika saa hizo tatu alipamba ukumbi mzima yeye na vijana wawili. Wa burudani akatukumbusha kwamba MC wa kwanza alijitoa zikiwa zimebaki siku mbili. Katibu akasema ametuma ujumbe wa kukumbusha ahadi hadi vidole vikafa ganzi. Mimi nilikuwa nasubiri zamu yangu, na hoja yangu ilikuwa nzito. Basi la wageni lilizimika njiani, saa kumi na moja jioni, siku ya Jumamosi ambayo kila basi limekodiwa, nami nikalipata jingine. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba harusi ile niliiokoa mimi.

Nilipokuwa narudi nyumbani usiku ule, jambo moja lilinikaa kifuani. Kila mmoja wetu alikuwa amesema kweli. Mchele ulipungua kweli. MC alijitoa kweli. Basi lilizimika, na dereva wake shahidi. Hakuna aliyetia chumvi hata punje. Lakini ungechukua sehemu ambayo kila mmoja alijipa katika ile kazi, ukazijumlisha, harusi ile moja ingetosha kuwa harusi tatu.

Wazee wetu wana msemo: mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Tumezoea kuutumia kulaumu. Mtu akijipendelea katika mgao, tunamrushia msemo huo, na maana yake ni kwamba amefanya ubinafsi. Naomba leo tumtazame upya huyo mwamba ngoma. Amekaa chini, ngoma iko mbele yake, ngozi mbichi imeloweshwa, na anaivuta ili ikaze. Anaivutia kwake kwa sababu hapo ndipo alipokaa. Mikono yake haina upande mwingine wa kuvutia. Hajakusudia kumdhulumu mtu. Ngoma ikikauka imekaza upande mmoja na kulegea upande wa pili, yeye mwenyewe atashangaa kwa nini hailii sawasawa.

Mwaka 1979, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Waterloo, nchini Canada, Michael Ross na Fiore Sicoly, walichapisha utafiti ambao nadhani kila mwenyekiti wa kamati angepaswa kuujua. Walienda kwa wanandoa waliokuwa wakiishi katika nyumba za wanafunzi, jozi 37. Kila mmoja alijibu peke yake, mwenzake asione. Waliorodheshewa mambo 20 ya nyumbani: kuandaa kifungua kinywa, kuosha vyombo, kufanya manunuzi, kulea watoto, kupanga matumizi ya fedha, kutoa taka, na kadhalika. Kwa kila jambo walichorewa mstari wenye urefu wa milimita 150, ncha moja ni mke, ncha ya pili ni mume, na mtu akaweka alama mahali anapodhani wajibu umeangukia. Kama mke na mume wanaona sawa, sehemu ya mke ukiijumlisha na ya mume inatimia 150 kamili. Haikutimia. Ilizidi. Katika jozi 37, jozi 27 zilikuwa na jumla iliyozidi, na katika mambo 20, mambo 16 yalielekea huko.

Unaweza kusema, naam, hiyo ni majivuno tu, kila mtu anapenda sifa. Nami ningekubali, lau si kitu kimoja kilichokuwamo ndani ya orodha ile. Ross na Sicoly walitia humo pia mambo ya aibu. Nani huanzisha ugomvi? Nani huchafua nyumba? Nani humuudhi mwenzake? Hata kwenye mambo ya namna hiyo watu walijitwisha zaidi ya sehemu yao. Mume akasema ugomvi mwingi nauanzisha mimi, na mke akasema hapana, ni mimi. Mtu anayetafuta sifa hajipi ugomvi. Kwa hiyo kuna kitu kingine zaidi ya majivuno.

Kitu hicho ni kumbukumbu. Wanandoa wale waliombwa waandike mifano ya yale waliyofanya wao na yale aliyofanya mwenzao. Kwa wastani kila mmoja aliandika mifano 10.9 ya kwake na 8.1 ya mwenzake. Na yule ambaye mifano yake mwenyewe ilizidi sana ile ya mwenzake, ndiye aliyejipa sehemu kubwa zaidi. Ukifikiri kidogo utaona haiwezi kuwa vingine. Mimi siku ile ya harusi nilikuwapo kila dakika niliyohangaika na basi. Nilisikia jua, nilisikia simu ya baba mdogo ikilia mara ya tano, nililipa kwanza kwa fedha zangu. Wakati mjumbe wa chakula yuko sokoni alfajiri, mimi nilikuwa nimelala. Nitaukumbukaje ule mchele? Nilichokiona mimi ni sinia la pilau lililokwisha kuiva.

Sasa nisikilize hapa, maana jambo hili linabadilisha namna ya kugombana. Ukidhani mwenzako anadanganya, utamjibu kwa hasira, naye atajibu kwa uchungu wa mtu aliyesingiziwa, kwa kuwa yeye anajua hadanganyi. Ukielewa kwamba anasoma kutoka katika daftari lake, na wewe unasoma kutoka katika lako, na madaftari hayo hayakuwahi kuandikwa chumba kimoja, utamuuliza swali la aina nyingine.

Kisa ambacho Ross na Sicoly walikitumia kufungulia makala yao kilitokea nchini mwao wenyewe, na kinamhusu kila mgonjwa wa kisukari anayenisikiliza jioni hii.

Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyepatwa na kisukari kile kinachotaka sindano hakuwa na tumaini. Alipunguziwa chakula ili asogezewe miezi, na mwisho wake ulijulikana. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Oktoba 1920, daktari kijana wa upasuaji, Frederick Banting, aliandika kwenye karatasi wazo lililomjia kuhusu kongosho. Alilipeleka kwa Profesa John Macleod wa Chuo Kikuu cha Toronto, Mskoti aliyekuwa bingwa wa somo la kazi za mwili. Macleod hakulichangamkia sana, lakini alimpa maabara, mbwa wa majaribio, na mwanafunzi wa kumsaidia, Charles Best. Kisha Macleod akasafiri kwenda kwao Uskoti kwa mapumziko. Banting na Best wakafanya kazi majira yale yote ya joto ya mwaka 1921 katika chumba chenye fukuto. Macleod alirudi, akadai majaribio yarudiwe kwa uangalifu zaidi, na mwishoni mwa mwaka akaongezeka mtu wa nne, James Collip, mtaalamu wa kemia ya viumbe.

Tarehe 11 Januari 1922, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa sindano ya kwanza ya dawa yao hospitalini Toronto. Dawa ilikuwa na uchafu, haikufaa. Collip akakaa maabara akaisafisha. Tarehe 23 mwezi uleule Leonard akadungwa tena, na safari hii sukari ikashuka. Akaishi.

Haya niambie, insulini aliigundua nani? Wazo na ung'ang'anizi vilikuwa vya Banting. Mikono iliyofanya kazi pamoja naye ilikuwa ya Best. Maabara, fedha na ule ukali wa kutaka uthibitisho vilitoka kwa Macleod. Dawa iliyoweza kuingia mwilini mwa mtoto bila kumdhuru ilisafishwa na Collip. Ukimwondoa mmoja, Leonard anakufa Januari ile. Hata hivyo, mnamo Septemba 1922 magomvi yalikuwa yamefika mahali ambapo mjumbe mmoja wa baraza la chuo, Albert Gooderham, aliwaomba Banting, Best na Macleod kila mmoja aandike maelezo yake ya jinsi kazi ilivyokwenda, ili yalinganishwe na kupatanishwa. Waliandika. Hayakupatana.

Mwaka uliofuata Tuzo ya Nobel ikatolewa kwa wawili, Banting na Macleod. Banting alikasirika, akatangaza kwamba nusu ya fedha zake anampa Best. Macleod naye akampa Collip nusu ya zake. Ross na Sicoly wanaeleza kwamba Banting alidai Macleod alikuwa kizuizi zaidi ya kuwa msaada, na Macleod akawa anahutubia juu ya utafiti ule bila kulitaja jina la Banting. Mwaka 1928 Macleod aliondoka Toronto akarudi Uskoti. Watu hawa hawakuwa wachoyo. Hati ya haki miliki ya insulini, mwanzoni Banting alikataa jina lake liwemo, na mwishowe Best na Collip pamoja naye wakaikabidhi kwa chuo kwa dola 1 kwa kila mtu, ili wagonjwa waipate. Watu walioweza kuacha mali nyingi kiasi kile walishindwa kuachiana sehemu ya kumbukumbu.

Nakiri kisa hiki kinaniuma kila nikikisoma. Nakiona kama kikao cha kuvunja kamati ambacho hakikwisha mpaka wajumbe walipoingia kaburini.

Tunapenda kusema umoja ni nguvu, na ni kweli, lakini nguvu hiyo ina siri yake. Mwishoni mwa karne ya 19, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwapanga wanaume wavute kamba, akapima nguvu zao. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Mtu akivuta peke yake, hiyo ni asilimia 100 yake. Wakiwa wawili, kila mmoja anatoa 93. Wakiwa watatu, 85. Wakiwa wanane, kila mmoja anatoa 49, yaani wanane wanavuta chini ya nguvu ya watu wanne.

Sehemu ya upungufu huo ni kukosa kwenda pamoja, huyu anavuta wakati yule anapumua. Watu wa pwani walilijua hilo bila ya kipimo. Ndiyo maana chombo hakishushwi majini kimyakimya. Kuna anayetoa wito na kuna wanaopokea, na mikono yote inakaza kwenye pigo moja. Neno harambee, ambalo Jomo Kenyatta alilifanya wito wa taifa la Kenya mwaka 1963 na ambalo hadi leo limo katika nembo ya nchi hiyo, ni wito wa namna hiyo, wito wa watu wanaovuta kitu kizito kwa pamoja. Wito unaponya kutopatana kwa mikono.

Lakini sehemu nyingine ya upungufu haiponi kwa wito, na hiyo ndiyo tunayoiita kutegea. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, Bibb Latané na wenzake waliwaambia watu wapige kelele kwa nguvu zao zote. Waliwafunga macho na kuwavika vifaa vya masikioni, ili mtu asijue kama yuko peke yake au na wengine. Matokeo yalitoka mwaka huohuo wa 1979. Mtu aliyedhani anapiga kelele na mwenzake mmoja alitoa asilimia 82 ya sauti yake. Aliyedhani wako sita alitoa 74. Na kumbuka, muda wote huo alikuwa peke yake.

Weka mambo mawili haya kwenye mizani moja. Kundi likikua, kila mmoja anatoa kidogo zaidi. Na kundi likikua, madai yanazidi: mwaka 2016 Juliana Schroeder, Eugene Caruso na Nicholas Epley walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba katika makundi makubwa jumla ya sehemu ambazo watu wanajipa huvuka mia kwa umbali zaidi kuliko katika makundi madogo. Sababu yake si ngumu. Mkiwa wawili, kazi ya mwenzako iko mbele ya macho yako. Mkiwa kumi, tisa wanafanya kazi mahali usipopaona, na mtu ambaye humwoni anafanya ni rahisi kumhesabu kuwa hafanyi.

Hili ndilo linalowapata wanafunzi wetu vyuoni. Mhadhiri anatoa kazi ya kikundi, watu wanane, wiki mbili. Ukiwauliza baadaye, utasikia kilio kilekile kila mwaka: niliandika peke yangu, wengine niliwaandika majina tu kwenye jalada. Mara nyingine ni kweli tupu, na wanaofanya hivyo wanawaibia wenzao. Lakini kaa na kikundi kizima usikie. Mmoja aliandika. Mmoja alikesha maktaba akitafuta vitabu. Mmoja alitoa kompyuta yake na kulipia kuchapisha. Mmoja aliwapatanisha wawili waliokuwa hawasemeshani, maana bila hivyo kikao cha pili kisingekuwapo. Yule aliyeandika hakuona kesha la maktaba, aliona picha za kurasa zikiingia kwenye simu yake.

Kazi ikiharibika, ngozi hiyohiyo inavutwa kwa upande wa pili. Sikilizeni mazungumzo vijiweni Jumatatu baada ya mechi. Timu ikishinda: tumewapiga, tumewafunga tatu. Ikifungwa: wamecheza ovyo, kocha wao hafai. Mtu aliyekuwa ndani ya timu Jumamosi ametoka nje yake Jumapili. Robert Cialdini na wenzake waliliona jambo hilo katika vyuo vikuu saba vya Marekani, wakachapisha mwaka 1976. Timu ya chuo ikishinda mpira wao, wanafunzi wengi zaidi walikuja darasani Jumatatu wakiwa wamevaa nguo zenye jina la chuo, na katika chuo kimoja, walipoulizwa habari za mchezo walioshinda walitumia neno sisi zaidi kuliko walipofungwa. Mashabiki wa Simba na Yanga hawahitaji kuambiwa.

Basi tufanyeje? Ross na Sicoly walijaribu dawa moja, na ni nyepesi. Waliwachukua wanafunzi waliokuwa wamefanya tasnifu chini ya wasimamizi. Kundi moja likaulizwa habari ya mchango wao wenyewe. Kundi la pili likaulizwa msimamizi alichangia nini. Waliotakiwa kumfikiria msimamizi wakajipa sehemu ndogo zaidi. Hawakuhubiriwa unyenyekevu. Swali tu liligeuzwa. Anayeulizwa wewe umefanya nini anafungua daftari lake mwenyewe. Anayeulizwa mwenzako amefanya nini analazimika kwenda kutafuta daftari la mwenzake.

Dawa hiyo ina uchungu wake, nami sitaki kuwaficha. Caruso na Epley, pamoja na Max Bazerman, waliwauliza watu walioandika makala za kitaaluma kwa pamoja. Kuwafikiria wenzao mmoja mmoja kuliyapunguza madai. Lakini wale waliokuwa wamefanya kazi kubwa kweli, walipokaa na kufikiri kila mwenzao alifanya nini, waliondoka wakiwa hawakufurahia ushirika ule, na hamu ya kufanya kazi tena na wenzao ilipungua. Hesabu ya haki inaonyesha pia nani alitegea. Naona ni sawa ionekane. Kikundi kinachomficha mtegeaji kwa jina la umoja kinamchosha mchapakazi, na mchapakazi akichoka huondoka kimya kimya, hasemi kwa nini. Wengi wa wanaolalamika wanakosea hesabu, lakini wako wasiokosea, na kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba sote tulifanya sawa ni kumdhulumu mara ya pili.

Tazama jinsi tulivyo waangalifu kwenye fedha. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, vile ambavyo mama zetu na dada zetu wanakutana kila wiki, vina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu. Mwanachama analeta hisa zake mbele ya wote. Fedha zinahesabiwa kwa sauti. Kitabu kinagongwa muhuri wakati kila jicho linaona. Hakuna anayejisikia kutukanwa kwa kuhesabiwa. Na pwani, wavuvi wanaotoka na chombo kimoja wana mafungu yao yanayojulikana kabla tanga halijapandishwa: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya mabaharia, na fungu la nahodha. Desturi hutofautiana bandari kwa bandari, lakini hakuna anayesubiri samaki wamwagwe mchangani ndipo aanze kudai nani alivuta zaidi. Wanajua baharini kila mtu husikia uzito wa kamba aliyoshika yeye.

Kazi, tofauti na shilingi, hatuihesabu kwa sauti. Tunaiacha ikae vichwani mwa watu, kisha tunashangaa vichwa vinapogombana.

Na kuna kazi ambayo haikai hata kichwani mwa mtu mwingine yeyote. Narudi kwenye ile harusi. Siku chache baada ya kuvunja kamati nilikwenda kumsalimu shangazi yangu, dada yake baba. Nilimkuta amekaa kibarazani, miguu ameinyoosha, imevimba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mmemaliza kikao chenu?"

"Tumemaliza. Miguu imefanya nini tena?"

"Si ule usiku wa harusi. Tulikaa hadi alfajiri tunamenya vitunguu na kuchambua mchele. Kiti kilikuwa kimoja, tukampa yule mwenye mimba."

Niliuliza walikuwa wangapi. Akanihesabia kwa vidole, akataja majina kumi na mawili. Nilikaa kimya. Katika kikao chetu, pamoja na maneno yote yale, hakuna hata jina moja kati ya hayo lililotajwa. Si kwa ubaya. Hakuna aliyekuwa mjumbe wa kamati kati yao, na kamati ya chakula ilipeleka taarifa ya magunia, mafuta na nyama. Magunia yalikuwa na risiti. Vidole vya akina mama wale havikuwa na risiti. Ile hesabu yetu iliyozidi mia haikuwa na hata asilimia moja ya kwao.

Hapo nilielewa ni nani hasa anayelipia huu upofu. Sisi tuliokuwa mezani tuligombana, lakini tulikuwa na kinywa cha kugombania. Kazi ikifanyika usiku, jikoni, bila kuharibika, haina hadithi. Basi langu lilipata hadithi kwa sababu lilizimika. Mchele ulipata hadithi kwa sababu ulipungua. Vitunguu vilimenywa vyote, kwa wakati, na kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kwamba vilimenywa.

Nilimwomba shangazi anitajie tena yale majina, nikayaandika. Nikampelekea mwenyekiti. Alinyamaza kidogo kwenye simu, halafu akasema, "Na mama yangu mzazi yumo." Baada ya wiki mbili tulichanga tena, tukawaita wote kumi na wawili, wakakaa meza ya mbele, na safari hii sisi wa kamati ndio tuliopakua.

Wewe unayenisikiliza na kamati yenu inavunjwa wiki hii, mwombe katibu wako jambo moja kabla ya siku hiyo. Aende jikoni, aende kwa vijana waliopanga viti na kwa waliobaki kufagia ukumbi saa nane usiku, aandike majina. Siku ya kikao kila mjumbe aanze kwa kusema alichokiona mwenzake akifanya, cha kwake akiweke mwisho. Na ile orodha ya majina isomwe yote, kwa sauti, kabla supu haijaletwa.